Injini Ile Ile ya Landrova

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Winifrida alichuja uji wa mama yake mara mbili. Tezi shingoni mwa mama huyo, Pelagia, lilikuwa limekua kiasi kwamba hata punje ndogo ilimkaba. Mama alikunywa kidogo kidogo huku ameshika koo, na Winifrida aligeuza uso asione. Daktari wa Kasulu alikwisha sema: apelekwe Mwanza akapasuliwe, na asicheleweshwe.

Mali yao ilikuwa moja tu, Landrova ya zamani ambayo babu aliinunua kwa wamisionari kule Kibondo. Bwana Stanislaus, mtu wa Mwanza anayekusanya magari ya kale, alikuwa tayari kuichukua. Tatizo, injini ilikuwa imekufa siku nyingi.

"Weka ya Toyota, Mzee Niyonkuru," jirani yao Fidele, mwenye lori la Fuso, alimshauri baba. "Itawaka leo leo."

"Nimemuuliza Bwana Stanislaus kwenye simu," baba alijibu. "Anasema injini ya asili ikifunguliwa na kutengenezwa vizuri, bei haishuki. Nikiweka nyingine, atanunua bodi tu. Na bodi haitamfikisha mke wangu Mwanza."

Basi baba, ambaye ujana wake ulipita gereji, akaishusha injini pale uani. Vile vikofia vya chuma vinavyofunga mikono ya pistoni alivipanga juu ya gunia, kwa mstari.

"Kaa hapa, Winifrida. Kuku wasipite, na wewe usiguse. Kila kikofia kina mkono wake. Vikichanganyika, tumekwisha." Akaenda sokoni kutafuta oili.

Winifrida alikaa. Kisha akasikia wenzake wanacheza rede nyuma ya nyumba, miguu ikamuwasha. Alikwenda kidogo tu. Lakini mvua ya Kasulu haipigi hodi! Alirudi mbio, akakunja gunia zima na kulibwaga barazani. Vikofia viligongana mle ndani, naye alivisikia. Akavipanga upya kwa kubahatisha.

"Hukugusa kitu?" baba aliuliza aliporudi.

"Sikugusa, baba."

Tangu hapo chakula kilimshinda kumeza, na mama yake mgonjwa ndiye aliyembembeleza ale.

Siku ya kumpokea mnunuzi ikafika. Injini ilikuwa imerudishwa garini. Baba aliingiza hendeli ya kuwashia akaizungusha, injini ikakataa kuzunguka. Akajaribu tena mpaka mishipa ikamsimama. Mwisho akakaa chini kwenye matope, mikono kichwani.

"Mama Winifrida, nimeshindwa," alisema. Winifrida hakuwahi kumsikia baba akisema neno hilo.

"Hakuna kushindwa," alisema Fidele. "Naivuta kwa Fuso. Itakubali tu."

Mnyororo ukafungwa. Fuso ikanguruma. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga imezungushwa shingoni, midomo ikisali bila sauti. Winifrida akachomoka, akasimama katikati ya magari mawili.

"Msivute, injini itavunjika! Baba, nilikudanganya! Vikofia nilivichanganya mimi!"

Fidele akazima. Baba akamgeukia bintiye.

"Ungeniacha niivunje?"

"Nilikuwa naogopa, baba."

Hakumpiga. Afadhali angempiga. Alisema tu, "Lete spana."

Bwana Stanislaus aliwakuta wako uvunguni mwa gari. Fidele alimkonyeza baba, kama kumwambia: mweleze unakaza nati tu.

"Bwana, karibu. Sitakuficha," alisema baba. "Vikofia nilivifunga vibaya. Ndiyo navifungua tena."

Mgeni akavua koti, akainama. "Vina namba ndogo za kiwandani ubavuni, na mikono ina namba zake. Huzioni?"

"Macho yangu yamekataa. Ndiyo maana nilivipanga."

"Mimi naziona," Winifrida alisema kwa sauti ndogo. Akatambaa chini ya gari, akafuta kikofia kwa petroli, akasoma namba yake. Akafuta kingine. Baba alifunga kila alichosomewa kwenye mkono wenye namba hiyo.

Hendeli ikazunguka. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Mama alicheka huku ameshika koo, na machozi yakimtoka.

"Ningeikuta inang'aa kwa rangi mpya, ningetia shaka," alisema Bwana Stanislaus. "Hii nimeiona mpaka tumboni. Bei yetu haijabadilika."

Mama alirudi kutoka Mwanza akiwa na kovu shingoni na sauti nyembamba. Jioni hiyo alikula ugali na maharage. Winifrida hakuweza kuinua macho.

"Bado unajificha?" mama aliuliza.

"Nilikaribia kukuua, mama."

"Ulikaribia. Sitakudanganya." Mama akamsogeza karibu. "Lakini sikiliza. Injini ile ilifungwa vibaya, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Ilibaki ile ile, na thamani yake ile ile. Ungenyamaza, ingekuwa chuma chakavu. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mnyororo haujavutwa."

Winifrida akaitikia kwa kichwa. Mama akamega tonge lingine, akalimeza taratibu, akatabasamu.

"Na kesho," alisema, "uji usiuchuje."