Utitiri wa Mutinda

Pazia lilikuwa moja, jeupe, la wavu mwembamba, na watu wawili walikuwa wamelishika. Jumamosi hiyo Soko la Toi lilikuwa limefurika, na Risper, mwenye kibanda cha mapazia ya mitumba, aliwatazama wakivutana bila kusema neno. Alijua bei ingepanda yenyewe.

"Wewe unataka ya nini?" Mumbi aliuliza. Alikuwa amevaa gauni la manjano lililompendeza sana, na gambuti zenye matope.

"Kufunika mikebe zangu," alijibu Mutinda, kijana mrefu wa Kambi Muru mwenye shati lililopigwa pasi hadi ukosini. "Na wewe?"

"Kuziba mlango. Niko na miche ya hoho Kawangware, na kuna vinzi vyeusi vinanimaliza."

Mutinda aliliachilia pazia. "Basi chukua, mrembo. Lakini hiyo pazia haitatoa wenye washaingia. Shida iko kwa udongo. Hapo ndio funza zao zinakula mizizi."

Mwanamume anayekuachia pazia Toi na kuijua shida yako kwa dakika moja si wa kuachwa aende hivi hivi. Mumbi alimpa namba yake kabla hajaombwa.

Wiki iliyofuata walizungumza kwenye simu kila jioni. Mutinda alimtania kwamba anapenda pilipili hoho kuliko watu. Mumbi akamwambia hoho hazijawahi kumdanganya. Alimweleza pia lililokuwa likimnyima raha. Kivungulio chake, ile nyumba ya nailoni ya kukuzia miche, kilisimama kwenye ploti ya marehemu baba yao pale Kawangware 46, na kaka yake Waithaka alitaka kujenga vyumba vya kupangisha. Walikuwa wamekubaliana kwamba miche hii ikifa kabla ya kuuzwa, kivungulio kitabomolewa.

Mutinda alifanya kazi kwenye kampuni inayofuga utitiri wa udongoni, vijidudu vya kahawia vidogo kuliko ufuta, ambavyo havigusi mmea bali hula funza wa wale nzi. Jumapili alimletea Mumbi mkebe mmoja wa utitiri huo, umechanganywa na pumba. Na hapa ndipo alipokosea, tena vibaya. Wakulima wengi walikuwa wamemcheka aliposema anauza wadudu wa kuua wadudu, naye hakutaka kuchekwa na huyu. Akasema ameleta dawa. Aliinyunyiza mwenyewe juu ya udongo wenye unyevu, akamwomba Mumbi asipulize kitu kingine, akaaga. Getini alisimama na Waithaka, wakanong'onezana kidogo. Mumbi aliwaona.

Siku ya tatu Mumbi aliinama juu ya trei akaona udongo ukitembea. Alikulia kwenye boma la kufuga kuku. Utitiri aliujua, na uliwahi kummalizia vifaranga wote. Akampigia simu.

"Mutinda, uliniwekea nini kwa miche?"

"Si ni ile dawa."

"Dawa inatembea?"

"Ngoja nikueleze, mpenzi," Mutinda alisema.

"Waithaka alikutuma, si ndio? Niliwaona hapo kwa geti."

Akakata simu. Alibeba pampu mgongoni akapuliza sumu upande mzima wa kushoto, huku akilia kwa hasira, mpaka sumu ikamwishia. Upande wa kulia ukabaki hivyo hivyo. Mutinda alipiga simu mara kumi na moja bila kujibiwa, akaandika ujumbe mrefu ambao haukusomwa.

Wiki tatu zilipopita, miche ya kushoto ilikuwa imelala, mizizi imeliwa na funza ambao sumu iliyoua utitiri haikuwafikia chini, vinzi vipya vikirukaruka juu yake. Ya kulia ilisimama, kijani kibichi, na udongo wake bado ulikuwa ukitembea. Mumbi aliketi kwenye ndoo aliyoipindua, akatazama huku na huku, akaona aibu. Kisha akaenda kumwuliza Waithaka waziwazi yule kijana alitaka nini siku ile.

"Alikuwa anauliza kama kuna chumba hapa 46," Waithaka alisema. "Anataka kuhamia karibu na wewe. Aliniambia nisikuambie."

Siku chache baadaye Mumbi alikwenda Kambi Muru, amevaa lile gauni la manjano, na pazia alilolifua amelibeba kwenye mfuko. Alimkuta Mutinda nje ya mlango wake akifua.

"Niliua wadudu wako," alisema. "Nusu."

"Ningekuambia ukweli hungewaua. Niliogopa utanicheka."

"Ningekucheka. Halafu ningekuuliza wanakula nini."

Mutinda alicheka, machozi yakimlengalenga. Mumbi alimweleza yote. Miche ya kulia ilikuwa imepata wanunuzi, kwa hiyo upande huo ulibaki wake; wa kushoto Waithaka alikuwa ameshaanza kuchimba msingi. Kupoteza nusu ya kivungulio kulimuuma, wala hakuficha.

"Pale penye miche ilikufa kunajengwa vyumba," alisema, akimkabidhi pazia. "Moja nimekuwekea. Lakini nimemwambia Waithaka si ya mtu mmoja."

Mutinda alifuta mikono yenye povu kwenye suruali yake.

"Nitapigia mama yangu kule Kitui leo, nimwambie kuhusu sisi," alisema. "Na Jumapili nitakuletea mkebe ingine. Ni wadudu, Mumbi. Wako hai."

"Sawa," alisema Mumbi. "Sasa umeniambia."