Mgeni Kutoka Rusumo

Jumatatu hiyo Anuar aliingia ofisini akakuta kiti chake kimelowa. Akapapasa mto wa kiti, akatazama dari. Dari lilikuwa kavu, na ulikuwa mwezi wa saba, Ngara nzima vumbi tupu. Akaugeuza mto, akakaa, akawasha kompyuta.

Ulikuwa mwaka 1995. Anuar alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara waliohamia Ngara kutoka pwani enzi za babu yake. Ndugu zake waliuza vitenge na mafuta ya taa. Yeye alikwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta. Shirika moja la maji lilimwajiri aandike programu ya kugawa maji katika kambi ya wakimbizi ya Benaco: tangi lipi lijazwe kwanza, mtaa upi ufunguliwe bomba. Aliipenda kazi hiyo. Jioni alitengeneza redio mbovu za majirani, na siku za mapumziko alimchukua mkewe Naima na binti yao mdogo Zulfa, wakaenda kutembea.

Jumapili iliyotangulia walikuwa wamekwenda Rusumo, mpakani, kutazama maporomoko. Walikaa kwenye jiwe karibu na maji, wakala chapati na kuku, wakarudi. Hakuna lililotokea.

Siku ya pili kiti kililowa tena. Siku iliyofuata alikuwa amesimama mlangoni na Audax, dereva wa ofisi, wakiongea habari za matairi, akasikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa ndani, taratibu, kwa kidole kimoja. Walipoingia hapakuwa na mtu. Programu aliyoiacha kwenye kioo ilikuwa imesukumwa chini na nafasi tupu, kurasa kwa kurasa, kama mtu aliyeegemeza mkono pale akasahau kuuondoa.

"Panya huyo," Audax alisema, lakini alisema akirudi nyuma. "Unasikia harufu? Ni kama tope la mtoni."

"Naisikia."

Kwa kawaida hitilafu ya aina ile ingemkosesha Anuar usingizi mpaka ajue chanzo chake. Safari hii alizifuta zile nafasi, akaendelea. Alijiona hashangai, wala hilo nalo halikumshangaza.

Nyumbani alikula mchuzi ambao Naima alikuwa amesahau kuutia chumvi, akamaliza sahani. Naima alipouonja akamtazama.

"Mbona hukusema?"

"Kwani una nini?"

Alasiri moja alikuwa barazani analehemu waya wa redio. Naima, akiwa ndani, alisikia harufu ya nyama inayoungua, akadhani jirani anachoma mishikaki. Alipotoka alimkuta mumewe ameegemeza kiganja cha kushoto juu ya chuma cha kulehemu chenye moto, macho yako kwenye redio, na moshi mwembamba unapanda kati ya vidole vyake. Akamvuta mkono. Anuar akatazama kile kidonda cheupe kama anatazama mkono wa mtu mwingine.

"Hakiumi," alisema. "Usiogope, Naima. Hakiumi hata kidogo."

Hilo ndilo lililomtisha Naima. Tangu siku hiyo alianza kusikia maji yakidondoka nyuma ya mumewe kila alipopita, tone kwa tone sakafuni, na sakafu ilikuwa kavu.

Kisha likatokea la mtoto. Jua lilikuwa bado lipo, Naima ameteleka sufuria ya maji jikoni, akaombwa chumvi na jirani, akamwambia Anuar amwogeshe Zulfa. Anuar akamimina maji katika beseni, akatumbukiza mkono mzima mpaka kwenye kiwiko kupima kama yamepoa, akaona hayana neno, akamnyanyua mtoto akamsimamisha ndani. Ukelele uliosikika Naima aliujua kuwa ni wa mwanawe kabla hajageuka, akakimbia, kanga ikaanguka njiani, akamkuta Zulfa ameshatolewa, miguu imekuwa myekundu mpaka magotini, na Anuar amechuchumaa mbele yake, anamfuta kwa taulo polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayefuta vumbi kwenye meza, huku mtoto analia mpaka sauti inakatika na yeye hata hakunji uso.

"Umemchoma mtoto," Naima alinong'ona.

"Maji yalikuwa ya vuguvugu."

Naima akagusa maji kwa ncha ya kidole, akakitoa haraka. Nyuma ya mumewe, karibu na ukuta, kitu kilivuta pumzi.

Hospitalini walisema miguu itapona. Naima hakulala nyumbani tena. Alikaa kwa ndugu za mumewe, na akamtuma Audax amfuate Shangazi Kuluthumu, dada wa marehemu baba yake Anuar, aliyeishi Biharamulo na kujulikana kote kwa kutibu watu wenye mashetani.

Alifika siku ya pili, mchana, akaenda na Naima nyumbani kwa Anuar.

"Shikamoo, shangazi," Anuar alisema.

"Marahaba, mwanangu. Na huyo aliyekuegemea begani, yeye hasalimii?"

Anuar hakugeuka. Shangazi Kuluthumu akamkalisha kwenye mkeka, akamfunika shuka jeupe, akaweka chetezo cha ubani chini yake, akasoma. Alisoma mpaka jasho likamtoka, na chini ya shuka moshi ukawa unatoka na harufu ya mafunjo yaliyooza. Kisha sauti ikasema, ndogo, ya heshima, yenye Kiswahili kilichojifunzwa kwa wapita njia:

"Sitaki ugomvi, mama."

"Wewe ni nani?"

"Wa maporomokoni. Sisi tulikuwa pale kabla ya daraja."

"Mbona umemwingia mtoto wa watu?"

"Mto ulijaa, mama. Mwaka jana waliouawa huko ng'ambo walianza kushuka mmoja mmoja, halafu wengi, wakubwa kwa wadogo, mikono imefungwa, wakaja wakalala mlangoni kwetu, wakalala jikoni kwetu, wakalala juu ya watoto wangu, na kila tulipowasukuma walikuja wengine, mpaka tukawa hatuna pa kuweka mguu. Tukatoka. Kila mmoja akashika njia yake. Mimi nilikaa kwenye jiwe na baridi yangu, mpaka alipokuja huyu."

"Wanaokaa pale ni wengi. Kwa nini yeye?"



"Alikuwa wazi. Mwaka jana alitumwa darajani kupima maji. Alisimama pale asubuhi mpaka jioni akawaona wote. Akaandika vipimo vyake, akarudi nyumbani, akala, akalala. Hakumwambia mtu. Ndani mwake hamkuwa na mwenyewe, mama. Nikaingia nikaota moto."

Naima alikaa chini. Alikumbuka kipindi kile. Alimuuliza mumewe safari ilikuwaje, naye akajibu barabara ilikuwa mbaya.

"Utamuua," Shangazi Kuluthumu alisema.

"Hafi. Atakuwepo tu."

Wakabishana mpaka ubani ukaisha. Mwishowe yule mgeni akakubali kutoka kwa sharti moja, apelekwe kwenye maji mapya. Shangazi akataja ziwa Burigi, ng'ambo ya Biharamulo, ambako msitu ni mkubwa na watu ni wachache.

Waliondoka alfajiri. Audax aliendesha bila kuangalia kioo cha nyuma. Naima alikaa mbele na Zulfa mwenye bendeji mapajani. Anuar na shangazi yake walikaa nyuma, na kati yao waliacha nafasi ya mtu mmoja, kwa sababu hapakukalika. Jua lilikuwa limepanda walipofika ziwani.

Anuar akaambiwa aingie mpaka magotini, asigeuke. Akaingia. Maji yakatikisika mbele yake, mstari mmoja ukaenda ndani, mbali, kama anayetembea chini kwa chini. Halafu akahisi baridi kwenye vidole vya miguu. Akahisi changarawe. Kisha kiganja cha kushoto kikaanza kuuma, maumivu ya siku zote zile yakaja kwa pamoja, akapiga magoti ndani ya maji akilia.

Walipomtoa, walimkuta mvuvi mmoja, Evaristi, amesimama kando ya gari na mkewe Leonsia, wamebeba vyungu, nyavu na magodoro.

"Na nyinyi mmeleta?" Evaristi aliuliza.

Shangazi Kuluthumu akamfunika Anuar shuka mabegani.

"Magari yamekuja mengi," Evaristi alisema, bila hasira. "Wanaingia majini, wanalia, wanaondoka. Samaki wamekwisha. Usiku hao wanaoachwa majini wanatuita kwa majina ya watu tusiowajua. Kama mna nafasi, tunaomba lifti."

"Mnakwenda wapi?" Audax aliuliza.

"Mtakapotushusha."

Wakajibana. Leonsia alikaa pale katikati, chungu mapajani. Gari likapita msituni, Anuar ameshika mkono wake unaouma, bado analia, na Naima akageuka akamuuliza polepole aliona nini siku ile darajani.

Anuar akamtazama mtoto mapajani mwa mama yake. Zulfa alikuwa amelala.

"Wa kwanza alikuwa mwanamke," alisema. "Alikuwa na kitenge cha njano, na mtoto bado yuko mgongoni."

Naima hakumwambia anyamaze. Anuar akaendelea na wa pili.