Mteremko Uliopotea kwenye Ramani

Kila jioni baada ya masomo, Nyamoita wa Gredi ya Sita alibaki na kompyuta ya shule yao karibu na Kehancha, akishughulikia ramani ya mfereji. Wazazi walikuwa wameitwa risaga siku ya Ijumaa, ile kazi ya pamoja ya Wakuria, wachimbe njia ya kuleta maji ya chemchemi hadi jikoni mwa shule. Mwalimu Mwikwabe alikuwa ameonya kwamba watu wakichimba bure mara moja, kuwaita tena ni taabu.

Na ramani ilikataa. Nyamoita ndiye aliyeiandaa, kisha rafiki yake Robi akapima vimo vya ardhi na kuviingiza. Lakini chemchemi ilisoma mita 1,520, jiko pia 1,520, bapa kama sinia. Maji gani yatatembea kwenye sinia? Hasira zikampanda, akamgeukia Robi mbele ya wanachama wote wa klabu yao ya kompyuta.

"Hukupima. Ulikaa kivulini ukajaza namba moja kote."

Robi alikana machozi yakimlengalenga, akataka wakapime upya pamoja. Wakaenda, jua likiwachoma, Nyamoita akinung'unika njia nzima. Chemchemi ikawa 1,523, jiko 1,518. Safari hii aliziingiza namba yeye mwenyewe. Ramani ikaonyesha 1,520 na 1,520. Alitamani kuipiga kompyuta teke.

Mwalimu Mwikwabe akamwomba afungue ukurasa wa maandalizi wa programu ya ramani. Hapo palikuwa na swali: hatua ndogo kabisa ya kimo ni mita ngapi? Jibu lilikuwa kumi. Nyamoita akanywea. Siku ile ya kuiandaa ramani alikuwa akikimbilia netiboli, akajibu kumi bila kusoma swali. Nyani haoni kundule.

"Programu imekutii tu," mwalimu alisema. "Uliiambia ihesabu vimo kwa makumi, basi kila kimo imekisogeza kwenye kumi lililo karibu. Mita tano za mteremko zimemezwa."

Nyamoita akafuta kumi, akaandika sehemu ya mia ya mita, akaingiza vipimo tena. Mteremko ukajitokeza kutoka chemchemi hadi jikoni. Akashusha pumzi, akamnong'oneza Robi kwamba anaomba msamaha.

Mwalimu akatikisa kichwa. "Ulimwita mwongo kwa sauti, sasa unamwomba radhi kwa kunong'ona? Namba tumeirekebisha kwa kidole kimoja. Jina la mtu halirekebishwi hivyo."

Nyamoita akasimama mbele ya klabu, akasema kosa lilikuwa lake na Robi alipima sawasawa tangu mwanzo.

Ijumaa wazazi walichimba kwa kufuata ramani, na maji yakafika jikoni kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu Mwikwabe akawaambia wanafunzi, "Kazi ikiharibika, anza kukagua mkono wako mwenyewe. Ukikuta kosa ni lako, litangaze palepale ulipomlaumu mwenzako."