Soseji za Samaki na Makala ya Saba

Jumapili, kwenye gulio la mtaa wa Tristán Narvaja, watu wawili waling'ang'ania mrija mmoja wa kioo, ule wa kupozea mvuke, uliolala kati ya viatu vikuukuu na vizimba vya ndege.

"Niachie, dada. Nimeuona mimi kwanza."

"Umeuona, sawa. Unajua kazi yake, au unataka kupandia maua?"

"Mimi mkemia."

"Hata mimi. Lete hapa."

Fabián Bidegain akaachia huku akicheka. Zulma Etcheverry alivaa koti la sufu la rangi ya divai, chupa ya maji moto kwapani, na mkononi kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani ya kwao. Akamnywesha palepale kwa mrija wa kibuyu, na kufikia majira ya baridi walikuwa hawaachani, na ndoa imeshatajwa.

Jambo moja lilimkosesha Zulma raha. "Miaka tisa nachambua mimea," alimwambia, "makala kumi na moja, wenzangu wamenirejelea kwenye makala zao mara sitini na mbili. Hivi kuna mtu ananisoma? Novemba mwakani kamati inanitathmini. Nikishindwa, maabara wanampa mwingine."

"Niachie mimi, malkia wangu."

Miezi mitano baadaye marejeo yalifika mia mbili na tisini. Zulma akayafungua moja moja. Simu ikalia.

"Umeona namba zako, kipenzi?"

"Nimeona soseji za samaki, Fabián. Mtu anatengeneza soseji za samaki, eti anarejelea kazi yangu ya mimea."

"Hiyo nimekufanyia mimi. Makala zikiletwa kwangu nizihakiki, nawaambia waandishi, mrejeleeni Etcheverry, la sivyo sipitishi. Jina langu hawalijui. Wote wanafanya hivyo, mama. Unadhani mkuu wako alipandaje?"

"Makala yangu ya saba inahusu nini?"

"Aa, sasa hivi kwenye simu..."

"Inahusu nini?"

Hakujua. Hakuwahi kusoma hata moja.

"Unanitia kinyaa," Zulma alisema, akakata.

Na kweli inatia kinyaa. Mimi ninayewasimulia nimeishi na watu wa maabara muda mrefu, nimewaona wakirejeleana kama wanaobadilishana sahani za keki, huku kazi zenyewe hakuna anayezifungua. Kisha wanavaa tai na kuitana wanasayansi. Lakini Fabián alinichefua kuliko wote, maana yeye aliufanya uchafu huo akauita mapenzi.

Zulma aliwaandikia wahariri wote, marejeo ya uongo yakafutwa. Fabián naye akakiri kwa barua, akafukuzwa kwenye uhakiki.

Novemba, siku nne kabla ya tathmini, mvua ilinyesha, na Zulma alikuwa jikoni akikaanga torta frita, vitumbua bapa vya siku za mvua. Mlango ukagongwa. Fabián alisimama pale amelowa, daftari ndani ya shati.

"Sitaki kukuona."

"Nisikie tu, kisha niondoke. Nimezisoma zote kumi na moja. Jaribio la ile ya saba nimelirudia maabara mara nne. Uliandika ulivuna fuwele asilimia themanini na moja. Mimi sivuki thelathini na nane."

"Umekuja kunitukana mlangoni kwangu?"

"Tazama mwenyewe."

Zulma akashusha daftari lake la zamani kutoka kabatini. Akasoma ukurasa, akarudia. Alizipima fuwele uzito asubuhi ileile zilipoundwa, hazijakauka, na alkoholi iliyozijaa ndiyo iliyoongeza uzito. Uso ukamwaka kwa aibu, na safari hii kinyaa kilikuwa cha nafsi yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Hakuna mwingine aliyeirudia."

"Nikisahihisha leo, Alhamisi wananimaliza."

"Najua."

"Ungenyamaza basi."

"Nilishakudanganya mara moja, Zulma. Uongo ule ulinikosesha wewe."

Zulma akazima jiko. Akaandika masahihisho ya mistari sita, akayatuma kwa jarida, nakala kwa kamati.

"Kula torta kabla hazijapoa," akamwambia, bila kumtazama.

Alhamisi kamati ikamnyima maabara. Mkuu wake akampa pole, tai shingoni. Zulma akafungasha vioo vyake katika makasha mawili. Fabián, aliyekuwa akimsubiri langoni, akabeba lile zito.

"Tutaoana lini?" akauliza njiani.

"Nikimaliza kukukasirikia." Zulma akalihamishia kasha lake mkono wa pili. "Weka Machi."