Kilomita Saba Tangu Taa Ifutwe

Bizumuremyi alikutwa amekufa nyuma ya usukani, teksi yake imegonga mkaratusi chini ya kona ya Rugerero. Miguuni pake palikuwa na chupa ya waragi iliyovunjika. Kabla ya saa nne asubuhi mji ulishamhukumu: kumbe Mwislamu yule mlevi!

Inspekta Mukandutiye alikunja uso. Kesi inayojifunga yenyewe ilimtia mashaka.

"Nani alifika hapa kwanza?" alimuuliza askari aliyekuwa pale.

"Fundi wake, Afande. Ndahiro, mwenye gereji karibu na Grande Barrière, pale mpakani. Alikuwa kwenye pikipiki."

Nyumbani, mjane Rayhana hakuwa analia. Hasira ilikuwa imemkausha machozi.

"Bwana yangu hakunywaka pombe hata siku moya! Leo mutoto yangu anachekwa mu njia. Yeye sitamupata tena, Afande. Jina yake munirudishie."

"Gari lilikuwa na shida?"

"Tangu Ijumaa. Ikisimama na moteri inawaka, inatetemeka sawa mutu wa malaria. Na ile taa ya njano haizimike. Na mwezi ulipita aliweka bobine zote ine, mupya kabisa!"

Akaleta boksi lake, sasa tupu. Lilikuwa la bobine nne, kila moja ya kuipa silinda yake cheche.

Majibu ya maabara yalikuja keshoye: damu ya marehemu haikuwa na pombe hata chembe. Kabatesi, mtaalamu wa magari wa polisi, akachomeka mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu.

"Silinda ya pili haikuwa inachoma sawasawa," alisema. "Bobine tatu ni mpya. Hii ya pili ni kuukuu, ina ufa, imezungushiwa utepe."

"Kuna kingine?"

"Kuna mtu alifuta misimbo. Mafundi wengi hudhani ukiifuta umefuta yote. Kompyuta ya gari huanza kuhesabu kilomita tangu ulipofuta. Hapa ni saba."

Mukandutiye aliendesha mwenyewe kutoka gereji hadi kwenye ule mkaratusi. Saba. Wahenga hawakukosea, njia ya mwongo ni fupi.

"Gari hili ulilishika mara ya mwisho lini?" alimuuliza Ndahiro.

"Ijumaa, Afande. Nilibadilisha mafuta ya moteri, basi."

"Jumanne, siku aliyokufa?"

"Sikuigusa. Haki ya Mungu!"

Mukandutiye aliweka mezani boksi la Rayhana, kisha ile bobine ya utepe.

"Gari linasema uliligusa, kilomita saba kabla ya kifo. Mwache Mungu, jibu wewe."

Ndahiro aliisukuma bobine kando.

"Ijumaa patron moja wa Goma alikuwa na haraka ya kuvuka. Bobine yake ilikufa. Nikatoa moja ya Bizumuremyi, nikamuwekea ya zamani. Bon, nilisema nitamurudishia."

"Na Jumanne?"

"Alirudi. Akasema inamuzimikia kwa muteremko. Nikafuta taa, nikamuambia imepona. Kisha roho ikaniuma, nikamufuata na pikipiki."

"Ikamzimikia kweli. Usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu. Na chupa?"

"Ilikuwa yangu. Niliogopa, Afande."

"Kwa nini hukumwambia yule tajiri asubiri?"

Ndahiro alishangazwa na swali.

"Patron hangojaka. Bizumuremyi alikuwa mutu wa kuvumilia tu."

Mukandutiye aliipiga meza kwa kiganja hata boksi likaruka. Uvumilivu wa mtu ndio ulioonekana ruhusa ya kumuua, na kisha kumpaka pombe! Akamsukumia karatasi na kalamu.

"Hutaanza na bobine. Andika kwanza: marehemu hakuwa amelewa, chupa niliiweka mimi."

Ndahiro aliandika, akatia sahihi. Mukandutiye akatoa nakala ya ukurasa ule, akaenda nayo kwa Rayhana mchana kweupe. Gari la polisi aliliacha mwanzo wa mtaa. Alitembea kwa miguu, na kwenye kila mlango uliokuwa na watu alisimama akawasomea.