Fomu Chini ya Kifuniko

Jumatatu ile kiti cha plastiki kando ya mashine ya fotokopi hakikukaliwa na mtu. Fundi alikifuta vumbi, akakirudisha palepale. Kasuku alikuwa ameondoka na basi la alfajiri kwenda chuo kikubwa, safari ya kutwa nzima, bila hata kuaga.

Miezi minne nyuma aliingia dukani katikati ya msongamano wa wateja, gauni la kijani, kalamu imechomekwa kwenye nywele, fomu mbili za kuomba vyuo vya lugha mkononi. Alipopokea simu na kuongea lugha ambayo Fundi hakuijua, sauti ilimgeuka kabisa, kana kwamba mtu mwingine ameazima uso wake. Fundi aliduwaa mpaka karatasi zikakwama kwenye mashine. Tangu hapo akamwita Kasuku, na kile kiti kikawa chake.

Vyuo vyote viwili walikwenda kuviona pamoja. Kile kikubwa kina ghorofa sita, vyumba vya vioo, lugha tano, na kila mwanafunzi ana visikilizio vyake masikioni. Kile kidogo kiko juu ya duka la dawa, mtaa huohuo wa Fundi: chumba kimoja, meza moja, wanafunzi kumi na wawili, na bibi mmoja, mkalimani mstaafu. Kwake, miezi mitatu ya kwanza mwanafunzi hasemi neno, anasikiliza tu. Siku hiyo Bibi alisoma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini. Fundi hakuambulia kitu, lakini vinyweleo vilimsimama, na alipogeuka alimwona Kasuku anatiririkwa na machozi wala hana habari.

Jumamosi jioni, wateja wamekwisha, akijitolea nakala mwenyewe kwenye mashine, Kasuku alimuuliza aende chuo kipi. Fundi aliogopa kumfunga miguu. Akamjibu kwa ukavu aende kule mbali. Kasuku alichukua nakala yake, akatoka.

Jumatatu hiyo mteja wa kwanza alikuja saa tano na ushee. Fundi akafunua kifuniko. Juu ya kioo ililala fomu ya chuo kidogo, imejazwa, imetiwa saini. Ndilo kosa la wateja wote: huchukua nakala, wakasahau karatasi yenyewe. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa leo, saa sita mchana.

Akapiga simu.

"Umeacha fomu kwenye kioo."

"Ichane. Si ulinifukuza, Fundi? Nimetii."

"Niliogopa utabaki kwa ajili yangu, halafu siku moja unilaumu."

 Kasuku akacheka katikati ya muungurumo wa basi, kicheko cha mtu aliyekuwa akilia.

"Mpenzi, nani kakudanganya? Nilikuwa nabaki kwa ajili ya yule bibi. Wewe ulikuwa nyongeza."

Fundi hakujua acheke au anune. "Nyongeza?"

"Nyongeza tamu. Saa ngapi sasa?"

"Tano na nusu."

"Basi kimbia. Mimi nashuka hapahapa."

Alimwacha mteja amesimama, akapanda ngazi za duka la dawa mbilimbili. Bibi aliipokea fomu kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho, akauliza mwenyewe yuko wapi. Fundi, akihema, akaeleza yote.

"Mwambie aje na masikio tu," alisema Bibi. "Mdomo auache kwako."

Huu ni mwezi wa pili. Asubuhi Kasuku yuko juu ya duka la dawa, hasemi neno. Saa saba anashuka, anakaa kwenye kiti cha plastiki.