Pumba za Kalulu

Kila Jumamosi nilijitwika debe la mahindi kwenda mashineni kukoboa, na kila Jumamosi nilikuwa nimeshachoka kabla sijatoka mlangoni. Kijiji chetu kiko mgongoni mwa mlima wa Dedza, na mashine iko chini bondeni. Kushuka si kazi. Kazi ni kupanda, debe kichwani na mfuko wa pumba mkononi. Hapo ndipo unapojua shingo yako ina mifupa mingapi.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na bibi. Mama alikuwa akifanya kazi Lilongwe, akija mara mbili kwa mwaka. Bibi ana magoti mabovu, akikaa chini kuinuka ni safari. Kwa hiyo maji ni mimi, Mwandida, kuni ni Mwandida, kufagia ni Mwandida, halafu Mwandida huyo huyo anatakiwa shuleni saa moja na nusu. Na juu ya yote hayo kulikuwa na Kalulu.

Kalulu ni mbwa wetu. Babu, Mungu amrehemu, ndiye aliyempa jina hilo la sungura kwa sababu ya mbio zake. Bila yeye, nyani wangeshuka mlimani wakamaliza mahindi ya bibi yote shambani. Chakula chake kilikuwa pumba, na pumba hazipikiki hivi hivi. Unachemsha maji, unamimina, unakoroga mpaka mkono unakufa ganzi, moshi wa kuni mbichi unakutoa machozi, na ukimaliza sufuria imeganda, uikwangue. Yote hayo kwa ajili ya mbwa! Nilichoka, nasema kweli.

Jumamosi moja nilikuwa napanda kutoka mashineni, nikapita kwa Bwana Kachingwe, mfugaji wa nguruwe. Mkewe alikuwa nje anakaanga maandazi.

"We Mwandida, masikini, umelowa jasho!" akasema. "Huo mfuko wa pumba unaupandisha mlimani wa nini? Niachie niwalishe nguruwe wangu, nami nikupe maandazi manne. Bibi yako hatakasirika?"

"Hatakasirika, mama," nikajibu. "Tunazo nyingi."

Maandazi yalikuwa ya moto. Niliyala yote njiani, nikafuta mdomo kwa khanga. Nilipofika, bibi akaniuliza pumba ziko wapi, nikamwambia nimezimimina kwenye pipa nyuma ya jiko. Jioni akaniuliza kama mbwa amekula, nikamwambia amekula. Nilikuwa nimempa ukoko wa sima yetu, kipande kama kiganja changu.

Jumamosi iliyofuata nikafanya vile vile. Na iliyofuata. Miezi miwili ikapita hivyo.

Kalulu akaanza kuzurura. Mwanzoni alitoweka asubuhi akarudi mchana. Baadaye alitoweka siku nzima, nami nikitoka shuleni naanza kumtafuta kabla sijatia kitu mdomoni. Nilikuwa nimekwepa kazi ya nusu saa, nikajipatia ya saa tatu. Nilizunguka kilabuni, mtoni, kwenye mashamba ya viazi, naita mpaka sauti inakauka. Lonjezo, mwenzangu wa darasani, alinicheka kila siku.

"Mwandida, wewe unamfuga mbwa au mbwa ndiye anayekufuga?"

"Nyamaza, Lonjezo."

"Miguu yako imekuwa myeupe kwa vumbi kama umepakwa unga. Kesho pita nyumbani, nikupe baiskeli!"

Wala hakuwa na baiskeli.

Huku kwetu, mbwa akizidi kuzurura, kuna jambo linalofanywa. Unakata manyoya ya ncha ya mkia wake, unayafukia chini ya figa la jikoni, naye hataondoka tena kwenye joto la moto huo. Bibi akasema ndiyo dawa yenyewe. Alishuka chini polepole, goti moja kwanza, akashika ukuta, kisha la pili, akachimba kwa kisu, akafukia. "Haya, Kalulu," akamwambia, "sasa umekuwa mtu wa nyumbani."

Kesho yake Kalulu hakuwepo. Bibi akasema labda alikata manyoya machache mno. Akapiga magoti tena, akakata mengine. Mara ya tatu mkia ulibaki ngozi tupu, na bibi hakuweza kuinuka mpaka nilipomshika kwapani. Alikuwa anatweta. Nilimwona, nikajua kosa ni langu, na bado sikusema neno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Basi Jumatatu mjumbe wa chifu akapita akitangaza. Kijiji cha ng'ambo kimeingiliwa na kichaa cha mbwa, na mtoto ameng'atwa. Alhamisi wataalamu wa mifugo watakuja na chanjo, kila mtu amlete mbwa wake uwanjani akiwa amefungwa kamba. Mbwa atakayekutwa anazurura siku hiyo atapigwa risasi, hakuna kuuliza ni wa nani.

Bibi akaazima kamba ya katani, tukamfunga Kalulu kwenye nguzo ya ghala. Jumatatu tulilala salama. Jumanne vile vile. Jumatano alilia usiku kucha kwa njaa, nami nikajifunika blanketi mpaka kichwani.

Alhamisi asubuhi nikakuta kipande cha kamba tu, kimetafunwa, bado kina mate.

Bibi alikuja akakitazama. Akakaa juu ya kinu. "Mwandida, mimi nimechoka," akasema. "Nimefanya yote ninayoyajua. Sasa hata pa kuanzia sipajui."

Mimi nilipajua. Nilikuwa nimepajua siku nyingi, ila kila nilipotafuta nilizunguka kote nikapaacha pale, kwa kuogopa Mama Kachingwe asinisemeshe habari za pumba mbele za watu. Nikashuka mlima mbio. Mlio wa bunduki ukasikika upande wa mtoni, nikazidi kukimbia.

Bwana Kachingwe alikuwa amesimama mbele ya banda, amekunja mikono. Ndani ya banda tupu kulikuwa na Kalulu, kamba iliyokatika bado shingoni, ameinamisha kichwa.

"Umekuja kumchukua?" akauliza. "Umechelewa. Huyu ananilia chakula cha nguruwe kila siku, namfukuza anarudi. Leo ameng'ata kitoto cha nguruwe sikio, wakigombea kihori cha chakula. Wenye bunduki wanapanda hapo, nawakabidhi."

"Baba, tafadhali, ni wetu!"

"Wenu? Mbona hakai kwenu? Mbwa mwenye kwao hafuati kihori cha watu."

Nikatazama barabarani. Walikuwa wawili: mwanamke aliyebeba sanduku la chanjo, na askari nyuma yake. Nikaona nikinyamaza tena, Kalulu amekwisha.

"Anafuata pumba zake, baba," nikasema. "Zile za kila Jumamosi ni chakula chake. Nilimpa Mama Kachingwe, nikala maandazi. Bibi hajui. Nilimdanganya bibi, nikamdanganya na Mama Kachingwe. Mbwa hana kosa, ana njaa."

Bwana Kachingwe akamgeukia mkewe aliyetokea mlangoni. "Si ulisema bibi amekubali?"

"Ndivyo alivyoniambia!" akasema mama yule, mikono kichwani. "Mwandida! Mimi nawalisha nguruwe chakula cha watu wengine bila kujua? Loo, aibu gani hii!"

Bwana Kachingwe akafungua banda, akamtoa Kalulu, akanipa ncha ya kamba. "Shika. Akikuponyoka mimi simo."

Yule mtaalamu alipofika, alimkagua Kalulu macho na mdomo, akakagua na sikio la kitoto cha nguruwe, akamdunga chanjo. "Mlishe mbwa wako, binti," akasema, huku akifunga sanduku. "Mwenye njaa huzurura, na anayezurura ndiye anayekutana na wagonjwa, akarudi kukuuma wewe." Alionekana amechoka kuliko mimi. Akaenda zake.

Bwana Kachingwe alinisindikiza mpaka nyumbani, amebeba nusu gunia la pumba begani. Akaliweka chini, akasema, "Mwandida ana maneno ya kukwambia," akakaa pembeni asiondoke. Nikamweleza bibi yote, maandazi na pipa lisilo na kitu.

Bibi hakunichapa. Alinisikiliza, akaniambia nikawashe moto. Nikapika pumba, nikakoroga, Kalulu akala mpaka akalala palepale, pua ndani ya sufuria.

"Bibi, amekula," nikasema.

Bibi akaanza kuinuka. Akashika kinu, akashika ukuta, akaja akikokota miguu mpaka nyuma ya jiko, akainama kuangalia sufuria.

"Bibi, si nimekwambia amekula?"

"Umeniambia," akasema. "Miezi miwili umeniambia. Mjukuu wangu, mbwa tumempata leo leo, kwa sababu hatimaye ulisema kweli. Lakini ukishadanganya, mtu anayekupenda hawezi tena kukaa akakusikia tu. Inambidi ainuke aje kuona mwenyewe. Na unajua magoti yangu."

Akageuka, akarudi polepole kwenye kiti chake. Kesho yake jioni nilisema amekula, naye akainuka tena kuja kuangalia. Aliinuka hivyo mwezi mzima.